Somo la 6: Mshitaki na Mteteaji

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya Somo la Juma Hili: Eze. 28:12–17, Isa. 14:12–14, Mwa. 2:16–3:21, Ayu. 1, 2, 19:23–27, 42:7–9, Zek. 3:1–7, Yn. 12:31–33, Kol. 2:13–15, Ufu. 12:7–12, 20:1–15.

Fungu la Kukariri: Ufunuo 12:10, 11. Darasa lisome mafungu haya mawili pamoja kwa sauti, kisha kila mmoja ayakariri kutoka katika Biblia yake.

Fikiria kanisa la washiriki themanini hivi. Kuta zimesimama, paa bado. Michango ya mabati imekusanywa kwa miaka miwili. Sabato moja baada ya ibada, mshiriki anayeheshimika anamvuta mwenzake pembeni, chini ya mwembe, na kumwuliza kwa upole: "Hivi mhazini wetu, ile pikipiki mpya ameitoa wapi?" Hakusema kwamba mhazini ameiba. Ameuliza tu. Kufikia maombi ya Jumatano nusu ya kanisa wamelisikia swali hilo. Sabato inayofuata si swali tena.

Mzee wa kanisa afanye nini? Akimwondoa mshiriki yule siku hiyo hiyo, wote watasema: "Kumbe ni kweli, ndiyo maana amenyamazishwa." Akikaa kimya, mchango wa mabati unakufa. Daftari la mhazini ni safi na stakabadhi zote zipo, lakini mtu aliyechafuliwa jina hasafishwi kwa siku moja. Kinachobaki ni njia ndefu: kufungua vitabu mbele ya wote, kuwaacha watu waone wenyewe, na kumwacha aliyeanzisha maneno ajulikane kwa matendo yake.

Wengi huuliza kwa nini Mungu hakumwangamiza Shetani siku ile ile alipoasi. Nguvu alikuwa nazo. Lakini uasi wa mbinguni haukuanza kwa upanga. Ulianza kwa maneno juu ya tabia ya Mungu, na maneno ya namna hiyo hayajibiwi kwa kumwua msemaji. Mfano wa mhazini una kasoro zake, kwani mhazini anaweza kukosea na Mungu hakosei, wala hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kufa kwa ajili ya washiriki waliosadiki fitina. Hata hivyo unatosha kufungua mlango wa juma hili.

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Mchuuzi wa Maneno

Soma Ezekieli 28:12–17. Maneno haya anaambiwa nani kwanza? Ni yapi kati yake ambayo hayawezi kumwenea mfalme wa kibinadamu?

Sura hii inaanza na mtawala wa Tiro, mji wa bandari uliotajirika kwa biashara ya baharini. Lakini kuanzia fungu la 12 nabii anamwona mtu aliyekuwamo Edeni, kerubi mwenye kufunika, asiye na kasoro tangu kuumbwa kwake mpaka uovu ulipoonekana ndani yake. Hakuna mfalme wa Tiro aliyewahi kuwa hivyo. Kwa sababu hiyo Waadventista, pamoja na Wakristo wengi tangu karne za kwanza, wameona nyuma ya kiti cha Tiro kivuli cha yule aliyeasi kwanza. Msomaji mwaminifu asisahau, hata hivyo, kwamba Ezekieli alikuwa na mfalme halisi mbele yake. Kiburi cha Lusifa kilipata makao katika ikulu ya Tiro, na kinaweza kupata makao hata katika chumba cha baraza la kanisa.

Fungu la 16 lina neno la kukaa nalo. Biblia ya Kiswahili inazungumza juu ya wingi wa uchuuzi wa kerubi huyu. Neno la Kiebrania limetoka katika mzizi wenye maana ya kuzunguka toka kwa huyu kwenda kwa yule. Kwa Tiro maana yake iko wazi: bidhaa na faida. Lakini kutoka mzizi huo huo limetoka neno la Walawi 19:16, ambapo Israeli wanakatazwa kuzunguka kati ya watu wao kama mchongezi. Kila mtu amemwona mchuuzi. Anapita mlango kwa mlango, anapiga hodi, anasifu alichobeba, na akiondoka amekuachia hamu ya kitu ambacho asubuhi hukukihitaji. Mbinguni hapakuwa na njaa wala uhaba. Kerubi hakuwa na cha kuuza isipokuwa maneno. Naye aliuza kweli, kwa maana Ufunuo 12:4 inaonyesha mkia wa joka ukikokota theluthi ya nyota.

Soma Isaya 14:12–14. Mara tano nafsi hii inasema juu ya itakalofanya kwa ajili yake yenyewe: itapanda, itainua kiti, itaketi, itapaa, itafanana na Aliye Juu. Soma kisha Wafilipi 2:5–8, uone Yule aliyekuwa sawa na Mungu akishuka ngazi kwa ngazi mpaka msalabani. Aliyetaka kufanana na Mungu hakumjua Mungu anafananaje.

Uovu ulitoka wapi ndani ya kiumbe kikamilifu? Ezekieli anasema ulionekana. Hasemi uliwekwa na nani. Mara nyingi darasa hutaka jibu zaidi ya hapo, na mwalimu hujikuta akilitunga. Ellen G. White aliona vema kwamba dhambi haina sababu ya kuitetea. Ikipatikana sababu ya haki, haiwi dhambi tena. Heri mwalimu akiri mpaka huo kuliko kuuvuka.

Jina lenyewe la Ibilisi katika Kiyunani, diabolos, maana yake ni msingiziaji. Paulo alilitumia neno lile lile, kwa wingi, kuonya juu ya wanawake wasingiziaji katika 1 Timotheo 3:11 na Tito 2:3. Ndugu wanaume wasifurahi mapema: katika 2 Timotheo 3:3 neno hilo linawahusu watu wote wa siku za mwisho.

Ni habari gani uliyoibeba juma lililopita toka kwa huyu kwenda kwa yule? Ilijenga nini, na ilibomoa nini?

JUMATATU
Swali la Nyoka

Soma Mwanzo 2:16, 17, kisha Mwanzo 3:1–5. Linganisha jinsi Mungu alivyoanza agizo lake na jinsi nyoka alivyolirudia.

Agizo la Mungu linaanza na ukarimu. Miti yote ya bustani imetolewa, na mmoja tu ndio uliozuiwa. Nyoka anaanza upande wa pili: je, ni kweli kwamba Mungu amewakataza miti yote? Hajasema uongo bado. Ameuliza tu, kama yule wa chini ya mwembe. Hawa anajaribu kumtetea Mungu, lakini katika kumtetea anaongeza katazo la kugusa ambalo halimo katika agizo la sura ya pili. Tayari Mungu ameanza kuonekana mkali kuliko alivyo.

Ndipo linakuja shitaka lenyewe, fungu la 4 na la 5. Kwa maneno ya mtaani, nyoka anasema: Mungu anawabania. Ana kitu kizuri, anajua mkikipata mtakuwa kama yeye, ndiyo maana amewatisha kwa kifo. Tunda lilikuwa jambo la pili. La kwanza lilikuwa picha ya Mungu mchoyo, na Hawa alipoisadiki picha hiyo, mkono ulijinyosha wenyewe.

Picha hiyo haijafa. Wako washiriki walioishika Sabato kwa miaka arobaini huku wakimwona Mungu kama mwenye nyumba anayekuja mwisho wa mwezi kudai kodi. Wanatoa zaka, wanafunga, wanahudhuria makambi kila mwaka, na ndani ya moyo wanasubiri siku atakapowanyang'anya kitu. Kumtii Mungu kwa namna hiyo ni kumsadiki nyoka huku ukishika amri.

Soma Mwanzo 3:8–13. Adamu anajibu nini anapoulizwa?

Katika sentensi moja Adamu anawashitaki wawili: mwanamke aliyempa tunda, na Mungu aliyempa mwanamke. Huyu ndiye yule yule aliyeimba kwa furaha alipomwona mkewe katika 2:23. Lugha ya nyoka imehamia kinywani mwa mwanadamu. Hawa naye anamshitaki nyoka. Hapo bustanini, jioni moja, kila mmoja amekwisha kuwa mshitaki.

Mungu je? Anakuja akiuliza, ingawa anajua. Anasikiliza. Na kabla hajatamka neno lolote la hukumu juu ya mwanamume na mkewe, anamtangazia nyoka kwamba uzao wa mwanamke utamponda kichwa (3:15). Ahadi ya ukombozi ilitangulia kabla ya jasho na miiba. Kisha, kabla hawajatoka bustanini, akawashonea mavazi ya ngozi (3:21). Huyo ndiye aliyesingiziwa uchoyo.

JUMANNE
Ayubu Kwenye Majivu

Soma Ayubu 1:6–12 na 2:1–6. Shetani anamshitaki nani hasa?

Katika Kiebrania cha kitabu hiki neno "shetani" lina kiambishi cha kulibainisha, yaani "yule mshitaki". Ni cheo zaidi kuliko jina. Anauliza kama Ayubu anamcha Mungu bure. Kwa juu juu shitaka ni la Ayubu: kwamba ibada yake ni ya tumbo. Lakini chini yake kuna shitaka la Mungu mwenyewe, kwamba hakuna anayempenda pasipo kulipwa. Kwamba utawala wake umesimama juu ya rushwa ya baraka, na ukiiondoa hakuna atakayebaki.

Shitaka kama hilo lingejibiwaje kwa nguvu? Ngurumo elfu zisingethibitisha kwamba mtu mmoja anampenda Mungu bila malipo. Mtu huyo alihitajika kuonekana.

Hapa somo linafika mahali pagumu, wala lisikimbizwe. Watoto kumi walikufa. Mwanafunzi wa Biblia aliyemzika mtoto anaposoma sura ya kwanza anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, kama mtoto wake naye alikuwa hoja katika mabishano ya mbinguni. Mambo mawili yasemwe. La kwanza, kitabu kinatofautisha mkono unaopiga na mkono unaoweka mpaka. Ni Shetani aliyetoka kwenda kumpiga Ayubu (2:7). La pili, Ayubu hakuambiwa kamwe habari za baraza lile. Hata Mungu alipozungumza naye kutoka katika tufani, sura nne nzima, hakumweleza. Alimwonyesha mapambazuko, theluji, kulungu anayezaa, farasi, mamba. Ayubu akaridhika kwa kuwa amemwona Mungu (42:5). Kwa hiyo hakuna mhubiri anayeweza kusimama matangani na kueleza kwa uhakika kwa nini huyu na si yule. Fundisho la pambano kuu linatuambia vita ipo na adui yupo. Halimpi mtu yeyote ramani ya kila risasi.

Soma Ayubu 4:7, 8 na 8:4. Rafiki zake walikuja kufanya nini, na waliishia kufanya nini?

Walifanya vizuri kwa siku saba. Waliketi chini naye, wakanyamaza (2:13). Walipofungua vinywa wakaanza kutafuta dhambi. Bildadi alifika mahali pa kusema kwamba watoto wale walikufa kwa makosa yao wenyewe. Msikilizaji wa Afrika Mashariki anazijua sauti hizi. Msiba ukitokea, mmoja anauliza nani ameroga. Mwingine, mcha Mungu zaidi, anauliza marehemu aliacha zaka tangu lini. Wote wawili wanamtafuta wa kumshitaki, na kazi ya kumshitaki mfiwa ina mwenyewe. Mwishoni Mungu aliwakasirikia marafiki, si Ayubu aliyelalamika (42:7), nao waliokolewa kwa maombi ya yule waliyemshitaki.

Katikati ya majivu hayo Ayubu alisema neno ambalo huenda hakujua uzito wake wote. Katika 19:25 anamtaja Mteteaji wake aliye hai. Kiebrania ni goeli, ndugu wa karibu mwenye wajibu wa kukomboa shamba lililouzwa na jamaa aliyefanywa mtumwa, kama Boazi kwa Ruthu na Naomi. Huko juu kuna mshitaki, na Ayubu hamjui. Lakini anajua kwamba lazima yuko ndugu atakayesimama.

Ulipofiwa au ulipougua, ni nani aliyekaa nawe kama marafiki wa Ayubu kwa zile siku saba za kwanza? Ni nani leo anayekuhitaji ukae naye hivyo?

JUMATANO
Mavazi Machafu

Soma Zekaria 3:1–7. Nani anazungumza katika maono haya, na nani hasemi neno?

Ni mwaka wa 520 K.K. au muda mfupi baadaye. Wayahudi wachache wamerudi kutoka Babeli, hekalu ni magofu, kazi ya ujenzi imeanza tena kwa kusuasua. Kuhani mkuu ni Yoshua mwana wa Yehosadaki. Nabii anamwona amesimama mbele ya malaika wa Bwana, na Shetani mkono wake wa kuume, mahali ambapo Zaburi 109:6 inamweka mshitaki mahakamani.

Mavazi ya Yoshua ni machafu, na neno la Kiebrania ni kali; si vumbi la safari, ni uchafu wa kutia kinyaa. Hapa kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Katika Edeni mshitaki alidanganya. Juu ya Ayubu alisingizia. Lakini hapa hadanganyi. Yoshua ni mchafu kweli, na taifa alilolibeba lilipelekwa utumwani kwa dhambi za kweli. Mshitaki ana ushahidi mkononi. Naye Bwana anamkemea yeye, si Yoshua. Mavazi yanavuliwa, anavikwa mengine, na kilemba safi kinawekwa kichwani pake. Yoshua hakufungua kinywa kujitetea hata mara moja.

Ni habari njema, lakini inaleta swali zito. Hakimu akimwachilia mwenye hatia, huyo ni hakimu wa namna gani? Tuseme Mungu angesamehe tu. Mshitaki angesema: unapendelea, sheria yako haina uzito, nirudishie nami kiti changu. Tuseme Mungu angehukumu tu. Mshitaki angesema: nilisema tangu mwanzo, hana huruma. Tangu Edeni mtego ulikuwa na midomo miwili.

Soma Wakolosai 2:13–15 na Warumi 3:25, 26. Msalaba ulifanya nini juu ya hati ya mashitaka? Ulionyesha nini juu ya Mungu?

Paulo haandiki kwamba hati ile ilikuwa ya uongo. Anaandika kwamba iliondolewa, ikagongomewa. Deni lililipwa na mwenye kudai. Sheria haikupunguzwa hata nukta, na mwenye dhambi hakuangamizwa. Mungu alionekana mwenye haki, na mwenye kumhesabia haki yeye amwaminiye Yesu, katika tendo moja.

Msalaba ulifanya na jambo la pili. Soma Yohana 12:31–33. Yesu anazungumza juu ya kuinuliwa kwake kama hukumu ya ulimwengu na kutupwa nje kwa mkuu wake. Kwa nini hukumu? Kwa sababu pale kilimani kila upande ulionyesha ulichokuwa nacho moyoni. Aliyesema kwamba Mungu anajitafutia faida alimwona Mungu akivuliwa nguo na kupigwa misumari pasipo kujiokoa. Na yeye aliyejiita mtetezi wa uhuru wa viumbe alionekana ni nani: alipompata Mwana wa Mungu katika mwili dhaifu, alimwua. Malaika waliokuwa bado na swali juu ya kerubi yule mzuri hawakuwa nalo tena Ijumaa ile jioni. Ellen G. White ameliandika jambo hili katika sura ya 79 ya kitabu chake juu ya maisha ya Kristo, The Desire of Ages. Mwalimu wa darasa akiweza, aisome kabla ya Sabato.

Ndiyo maana Ufunuo 12:10 inatangaza kutupwa chini kwa mshitaki pamoja na kuja kwa wokovu. Bado anapiga kelele duniani. Mbinguni hana tena anayemsikiliza.

Kuna shitaka la kweli linalokurudia usiku, jambo ambalo ulilitenda kweli. Yoshua alifanya nini na mavazi yake? Aliyavua mwenyewe?

ALHAMISI
Vitabu Kufunguliwa

Soma Ufunuo 20:1–6, 11–15 na 1 Wakorintho 6:2, 3.

Kama msalaba ulimaliza hoja mbinguni, miaka elfu ni ya nini? Katika ufahamu wa Waadventista, wakati huo Shetani amefungwa katika dunia iliyo ukiwa, hana wa kumdanganya, nao waliokombolewa wako mbinguni na kazi wamepewa: hukumu. Mungu hahitaji msaada wao ili ajue. Wao ndio wanaohitaji kuona. Mama atamtafuta mwanawe asimwone. Mshiriki atashangaa kumkosa mchungaji aliyembatiza, na atashangaa zaidi kumkuta jirani aliyemhesabu mpotevu. Mungu hatawaambia wanyamaze na kuimba. Atafungua vitabu, na watachukua muda wote wanaohitaji, hata machozi ya mwisho yafutwe (21:4).

Mwisho wa miaka hiyo Shetani anafunguliwa, na bila kupoteza siku anarudi kwenye uchuuzi wake ule ule (20:7, 8). Miaka elfu ya kufikiri haikumbadilisha. Ndipo moto unashuka na kula. Nao haubaki ukitesa milele, maana Malaki 4:1–3 inazungumza juu ya majivu, na Nahumu 1:9 inaahidi kwamba taabu haitainuka mara ya pili. Haitainuka, kwa kuwa hakuna atakayekuwa na swali.

Sasa turudi kwa mhazini. Kuna makanisa yanayotumia neno "mshitaki wa ndugu" kama gundi ya kuwafunga watu midomo. Fedha zinapotea kweli, au mtoto anadhulumiwa na kiongozi, na anayesema anaambiwa anafanya kazi ya Shetani. Huko ni kuligeuza Neno. Bwana aliweka njia ya kusema kosa: nenda kwake kwanza, kisha na mashahidi, kisha kanisani (Mt. 18:15–17), shitaka juu ya mzee lisikiwe kwa mashahidi wawili au watatu, na akionekana ametenda dhambi akemewe mbele ya wote (1 Tim. 5:19, 20). Na dhuluma kwa mtoto ni jinai. Hiyo hupelekwa pia kwa vyombo vya sheria, haimalizwi kwenye baraza. Tofauti ya mwonyaji na mchongezi si vigumu kuiona. Mwonyaji anamwendea mhusika, anasema linaloweza kuthibitishwa, na anatamani ndugu apone. Mchongezi anamwendea kila mtu isipokuwa mhusika.

Mungu aliyesingiziwa kuliko wote ndiye anayefungua vitabu vyake. Kanisa lenye vitabu visivyofunguliwa linamhubiri nani?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Mwezi Machi 1858, katika jengo la shule huko Lovett's Grove, jimbo la Ohio, Marekani, James na Ellen White walishiriki mazishi ya kijana mmoja. James alihubiri. Kisha Ellen akasimama kuwafariji wafiwa kwa habari za kuja kwa Kristo na ufufuo, na hapo akapewa njozi ya pambano kati ya Kristo na Shetani, iliyochukua saa mbili hivi. Aliyoyaona yalichapwa mwaka ule ule katika juzuu ya kwanza ya Spiritual Gifts, na baadaye yakapanuliwa kuwa The Great Controversy, katika matoleo ya 1888 na 1911. Leo pambano kuu ni fundisho la 8 kati ya mafundisho ya msingi 28 ya kanisa. Mara nyingi linafundishwa kwa chati, miaka na picha za wanyama. Lilitolewa mbele ya jeneza, kwa watu waliokuwa wakilia.

Soma sura ya 29 ya kitabu hicho, inayohusu chanzo cha uovu, pamoja na sura ya kwanza ya Patriarchs and Prophets.

Maswali ya Kujadili:

1. Darasa lenu limewahi kumjibu vipi mfiwa anayeuliza Mungu alikuwa wapi? Kwa kumfuata Ayubu na marafiki zake, ni jibu lipi kati ya hayo lingepaswa kutubiwa?

2. Kijana anasema: "Kama Mungu alijua Lusifa ataasi, kwa nini alimwumba?" Jadilini mnachoweza kukijibu kutoka katika Maandiko, na mkubaliane mahali pa kusimama.

3. Katika Zekaria 3 shitaka lilikuwa la kweli. Je, kanisa lenu linamvika mavazi mapya mtu aliyeanguka na kutubu, au linayahifadhi yale ya zamani ili kumkumbusha? Mtu huyo anapokelewaje Sabato ya kwanza anaporudi, na anakaa benchi gani?

4. Mhazini wa somo hili amethibitishwa mbele ya kanisa zima kwamba hakuchukua hata shilingi. Sabato ijayo anakutana mlangoni na yule aliyeuliza swali chini ya mwembe. Ni nani anapaswa kusema kwanza, na aseme nini?